Bosi kanipa barua ya kuacha kazi ishachapwa, anataka saini yangu tu

Wasomaji wangu, safari hii meseji zimejaa ishu moja, watu wanaambiwa "acha kazi mwenyewe yaishe". Nimechagua chache, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwasababu ndani yake yamo karibu yote ambayo wengine wameuliza. Kwa wageni wa safu hii niseme tu kwamba mimi sio wakili, nilikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi tawini miaka mingi na nimekaa kwenye mabenchi ya CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inakopelekwa migogoro ya kazi, na watu wengi mpaka walinzi wa pale wakawa wananisalimia kwa jina, kwahiyo naandika kilichomo kwenye sheria na nilichokiona kwa macho.

SWALI: Shikamoo mjomba. Nina miaka 31, naishi Ubungo, ni mtunza stoo kwenye kampuni moja ya kusambaza vinywaji. Nimefikisha miaka 6 na miezi kidogo na mkataba wangu hauna tarehe ya mwisho, mshahara wa msingi ni 780,000. Tangu aje meneja mpya nimehamishwa kitengo mara tatu, sahivi nimewekwa mapokezi bila meza wala kompyuta, nakaa kwenye kiti cha wageni tangu asubuhi hadi jioni. Kwenye kikao mbele ya wenzangu akaniuliza hivi wewe bado unafanya nini hapa. Meseji za kazi zinakuja saa nne usiku nisipojibu asubuhi ni maneno. Sasa Ijumaa nimeitwa, yupo yeye na HR, nikawekewa barua mezani ishachapwa, "Mimi fulani naacha kazi kwa hiari yangu", wakasema nikisaini napewa mshahara wa mwezi mmoja na barua nzuri ya utambulisho, nikikataa wanafungua kesi ya upotevu wa mzigo stoo. Wamenipa mpaka Jumatano. Sijasaini. Mume wangu anasema nisaini tu tuondoke na amani yetu. Nifanyeje mjomba?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Pole sana, na hongera pia, maana hujasaini, na wengi wanaoniandikia huwa wananiandikia kalamu ikishalala chini.

Anza kujiuliza hivi. Hawa watu kama hawakutaki, kwanini wasikuandikie barua ya kukufukuza? Wana mashine ya kuchapa, wana muhuri, wana HR. Hawafanyi hivyo kwasababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akimwachisha mtu awe na sababu ya msingi na afuate utaratibu wa haki, na vyote viwili anatakiwa kuvithibitisha yeye, sio wewe. Akisema anapunguza watu nayo ina njia yake, anatoa notisi ya kusudio, anaeleza sababu, anakaa na wafanyakazi au chama chao wanashauriana nani anatoka na kwa vigezo gani. Yote hayo ni kazi na gharama. Lakini ukisaini wewe kwamba umeacha kwa hiari, hana cha kuthibitisha tena, anaitoa tu ile karatasi yako kwenye faili.

Tuweke hela mezani sasa, mumeo naye asome hapa. Mwajiri akikuachisha wewe unayelipwa kwa mwezi anakupa notisi isiyopungua siku 28 au anailipa. Kwahiyo huo mshahara wa mwezi mmoja unaoitwa asante ni notisi tu, ulikuwa wako hata wangekutoa wao. Halafu kuna kiinua mgongo, kila mwaka uliotimia ni mshahara wa msingi wa siku 7, mwisho miaka 10. Chukua 780,000 gawa kwa 26 kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, unapata 30,000 kwa siku, mara 7 ni 210,000, mara miaka yako 6 ni 1,260,000. Hiyo inalipwa mwajiri akikuachisha, ukiacha mwenyewe haipo. Bado NSSF, kuna fao la kukosa ajira, aliyechangia angalau miezi 18 anapata theluthi ya mshahara kwa miezi sita, kwako ni kama laki mbili na sitini kila mwezi, na hilo fao sio la mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Wakati huohuo barua yako inatakiwa uwape WAO notisi, usipotoa wanaweza kukudai. Ndio hiyo "amani" unayouziwa, na bei yake ni karibu milioni tatu kabla hatujafika hata kwenye fidia.

Yale ya likizo ambayo hujaenda, siku ulizofanya kazi na cheti cha utumishi ni vyako hata ukiacha mwenyewe, asikutishie navyo.

Sasa vitisho vya kesi ya stoo. Mimi huwa nasema mtu mwenye ushahidi kwamba umemwibia hakubembelezi na mshahara wa mwezi mmoja na barua ya sifa. Kama wana kesi waifungue, na wakiifungua ina hatua, wachunguze kwanza, wakuandikie mashtaka kwa lugha unayoielewa, wakupe muda wa kujiandaa usiopungua masaa 48, uje kwenye kikao na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama, ujitetee, uulize maswali mashahidi wao. Na ukifukuzwa hapo unaenda kudai ukiwa na mguu mzuri kuliko ukiwa na barua ya hiari mkononi. Ila hapa niwe mkweli mpwa wangu, kama kuna mzigo kweli ulipotea na wewe unajua ulikopita, basi hesabu ni nyingine na usinisikilize mimi, nenda kwa wakili leo leo ukamwambie yote.

Mpaka Jumatano ufanye nini. Wewe ndio uandike barua, ya malalamiko, sio ya kuacha. Iwe fupi. Kitu kama hivi: "Tarehe fulani niliitwa na fulani na fulani nikatakiwa kusaini barua ya kuacha kazi, nikaambiwa nisiposaini nitafunguliwa mashtaka. Sina nia ya kuacha kazi. Tangu mwezi fulani nimeondolewa vitendea kazi na kuhamishwa mara tatu bila maandishi. Naomba nirudishwe kwenye majukumu yangu na malalamiko haya yashughulikiwe kwa utaratibu wa kampuni." Weka tarehe, toa kopi, igongwe muhuri wa kupokelewa au aliyepokea asaini kopi yako. Wakikataa kupokea, na wengi wanakataa, itume kwa imeili ya kampuni na uende posta utume kwa rejista, risiti unatunza.

Hii barua watu wanaidharau sana, wanasema itasaidia nini wakati bosi mwenyewe ndio tatizo. Inasaidia kwasababu kanuni za utendaji bora za 2007, zile za GN 42, yaani tangazo la serikali namba 42, zinasema mfanyakazi aliyetendewa isivyo haki anaweza kuhesabika amelazimishwa kuacha, alimradi alitumia njia zilizopo za kulalamika, au awe na sababu nzuri kwanini hakuzitumia. Nimeona dada mmoja kesi yake ilikuwa ya kweli kabisa, kila mtu ofisini anajua alivyoteswa, lakini mbele ya muamuzi akaulizwa ulilalamika kwa nani, akabaki kimya, akasema nililia chooni. Nililia naye siku ile ila kilio hakina muhuri wa kupokelewa.

Halafu kazini nenda kila siku. Kaa kwenye hicho kiti cha wageni, saini kitabu cha mahudhurio, kama hakuna kitabu jipige picha ukiwa getini, sijui, ila uonekane ulikuwepo. Kuna mchezo mchafu, unaambiwa kwa mdomo "kapumzike nyumbani kwanza tutakupigia", unapumzika wiki, baadae unaletewa barua ya utoro, na utoro wa zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Akikwambia ukae nyumbani mwambie akuandikie, na kama anakusimamisha kupisha uchunguzi mshahara wako unaendelea wote.

Nunua kaunta buku. Kila tukio tarehe, saa, nani alikuwepo, alisema nini, maneno yake kama alivyosema. Zile meseji za saa nne usiku usifute, piga skrinshoti na simu yenyewe usiibadilishe, tangu sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 ushahidi wa namna hiyo unapokelewa. Salary slipu na mkataba peleka nyumbani. Mafaili ya kampuni, orodha za wateja, hivyo usibebe, usije ukawapa ile kesi wanayoitafuta.

Na ile Jumatano yenyewe wakikuita, ingia, kaa, sikiliza, sema "naomba nikasome nyumbani na mtu wa chama". Kama ni mwanachama wa TUICO au chama kingine mpigie katibu wa tawi kabla, kama sio mwanachama nenda hivyohivyo kaulize. Wakikufungia mlango mpaka usaini, wapo wanaofanya hivyo, usipigane nao, ukishatoka siku hiyohiyo andika barua ya kukana ile saini, sema ulisaini kwa kutishwa, tarehe na saa, uipeleke. Barua ya kukana ikiandikwa siku hiyo ina nguvu, ikiandikwa baada ya miezi miwili inaonekana umeshauriwa kijiweni.

Sasa labda hali inazidi mpaka huwezi. Hapo ndio kuna kile sheria inachosema, kifungu cha 36 kwa namba za sheria ilivyotungwa 2004, kwamba kuachishwa kazi ni pamoja na mfanyakazi kuacha mwenyewe kwasababu mwajiri amefanya kazi isivumilike. Wewe umeandika barua, lakini kisheria amekuachisha yeye. Watu wakisikia hivyo wanafurahi wanaandika barua jioni hiyohiyo, taratibu jamani. Kwenye kesi ya aina hii mzigo wa kwanza unabeba wewe. Unathibitisha kwanza kwamba ulilazimishwa, ndipo mwajiri aulizwe sababu na utaratibu. Na wanachoangalia mahakama zetu ni kama kweli wewe ndio ulikatisha ajira, kama hali ilikuwa haivumiliki kwa mtu yeyote mwenye akili timamu na sio wewe tu kuchukia, kama aliyeisababisha ni mwajiri, kama ilikuwa inaelekea kuendelea, na kama kuondoka ndio ilikuwa njia pekee ya maana iliyobaki. Hilo la mwisho ndio linaloua kesi nyingi, maana mtu aliondoka siku ya pili ya ugomvi.

Bosi kukukaripia mara moja, kukunyima kwenda safari ya Dodoma yenye posho, kukupa alama mbaya kwenye tathmini, hayo peke yake hayafiki. Kunyimwa kazi na vitendea kazi miezi, kukatwa mshahara bila maelezo, kutishiwa, hayo yanajenga. Kutakwa kimapenzi na bosi, au kulalamika kwamba mwenzako anakusumbua kimapenzi na ofisi ikanyamaza, hilo kanuni imelitaja kwa jina kabisa.

Ukifika hapo barua ya kuondoka isiwe ile ya kudownload yenye "nashukuru kwa nafasi mliyonipa kukua kitaaluma". Andika sababu. "Naondoka kwasababu tangu tarehe hii mmefanya hivi na hivi, nililalamika tarehe hii na hii hamkujibu, siwezi kuendelea." Watu wanaogopa kwamba watanyimwa cheti cha utumishi. Cheti ni haki yako, na barua ya sifa ya mtu aliyekuweka kwenye kiti cha wageni sijui utaipeleka wapi.

Upande wa fidia, ukishinda muamuzi anaweza kuamuru urudishwe kazini au ulipwe. Sheria ya 2004 ilivyotungwa iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12, kwako hiyo ni 9,360,000 mbali na stahiki zingine. Mwaka 2025 sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho, kwahiyo yeyote atakayekusaidia mwambie ashike toleo jipya, asikusomee kitabu alichosomea chuo.

Mumeo nimemsoma na simlaumu, kuna nyumba ambazo kesi ya mwaka mzima zinazivunja. Kama kweli mnataka kuondoka basi ondokeni kwa makubaliano, hilo lipo kisheria, mwajiri na mfanyakazi wanakubaliana kusitisha ajira na kila mtu anasaini. Ila hapo unakaa kama mfanyabiashara, unaanzia kwenye notisi yako, kiinua mgongo, likizo, halafu unaongeza miezi kadhaa juu kwasababu wao ndio wanataka uondoke. Na kabla ya kusaini pita NSSF uulize maneno gani yakae kwenye barua ya kukoma ajira ili fao lako lisipotee. Sina ugomvi na mtu aliyechukua hela zake akaenda kufungua duka. Ugomvi wangu ni na ile barua ya "kwa hiari yangu" inayonunuliwa kwa hela ya notisi.

SWALI: Mjomba habari za kazi. Niko Mwanza, nilikuwa dereva. Nilisaini barua ya kuacha kazi, aliandika mhasibu mimi nikaweka saini, nikaambiwa nikileta ubishi gari itaonekana imepungua mafuta. Leo ni siku ya 24. Bosi kila nikipiga anasema njoo wiki ijayo tutaongea. Je nimechelewa? Kesi nitaweza wakati sina hela ya wakili?

JIBU: Hujachelewa ila acha kupiga simu. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo haki unapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Madai mengine kama mshahara ambao haujalipwa yana siku 60. Zinahesabika siku zote, Jumapili na sikukuu zimo. Bosi wako anajua hesabu hiyo vizuri kuliko wewe, ndiomana kila wiki ni wiki ijayo, siku ya 31 atakupokea simu kwa sauti nzuri sana.

Kesho asubuhi nenda ofisi ya CMA hapohapo Mwanza, kwasababu mgogoro unafunguliwa ulikotokea. Omba fomu namba 1. Kwenye aina ya mgogoro weka usitishaji wa ajira, ujaze na ile sehemu B inayohusu kuachishwa peke yake, wengi wanairuka. Kwenye maelezo usiandike "nilifukuzwa" halafu mwajiri akatoa barua yako ya kuacha ukaonekana muongo, andika ulilazimishwa kusaini barua ya kuacha kazi, nani alikutisha, lini, kwa maneno gani. Kopi moja unampelekea mwajiri kabla, na uwe na kitu kinachoonyesha amepokea. Tarehe ya kukoma ajira kama ina utata, barua inasema hivi na siku ya mwisho kazini ni nyingine, wewe hesabu kuanzia ile ya mapema zaidi, bora uwahi.

Kufungua ni bure. Wakili sio lazima, unaweza kusimama mwenyewe au na mtu wa chama au mwakilishi uliyemchagua, na tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, uliza ustawi wa jamii halmashauri watakuelekeza. Inaanza usuluhishi, mnakaa na msuluhishi ndani ya siku 30 hivi, na pale kesi nyingi zinaisha maana mwajiri naye anapiga hesabu zake. Isipoisha inaenda kwenye uamuzi, mashahidi na vielelezo. Asiyeridhika anaenda Mahakama Kuu kitengo cha kazi ndani ya siku 42. Tarehe ya kuitwa usikose hata ukiumwa jino, mlalamikaji asipotokea shauri lake linaweza kufutwa.

Aliyepitisha siku 30, maana najua wapo wanaosoma hapa wameshafika siku ya 50, kuna fomu namba 2 ya kuomba kufungua nje ya muda. Unaeleza ulichelewa kwanini, na sio kwa jumla, kila kipande cha muda kina maelezo yake, ulilazwa lini ukatoka lini, cheti cha hospitali kiko wapi. "Nilikuwa naongea na bosi" ni sababu dhaifu, nimeiona ikitupwa.

Kitu kingine, akikupa hela yoyote sasa hivi soma unachosaini. Kuna karatasi ya malipo ina mstari mmoja chini kabisa, "sina madai mengine yoyote". Chukua stahiki zako ila huo mstari ukatae au andika kwa mkono pembeni kwamba umepokea sehemu tu na mgogoro uko CMA. Na hukusema umefanya kazi muda gani, kama ni chini ya miezi sita ile haki ya kulalamikia kuachishwa isivyo haki bado ilikuwa haijakufikia, utabaki na madai ya mkataba kama mshahara na notisi.

SWALI: Hujambo mjomba, mimi nasoma nikiwa Mombasa. Kampuni ya klirensi hapa imenikata mshahara nusu bila kunieleza, nikiuliza naambiwa mlango uko wazi. Miaka tisa nimewafanyia kazi. Nikitoka mwenyewe napoteza haki?

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Sheria ya kwenu ni nyingine, usifuate siku zangu 30 za hapo juu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haikuliandika jambo hili la kulazimishwa kutoka kwa jina, limejengwa na mahakama, na Mahakama ya Rufaa ilitoa mwongozo wake mwaka 2015. Kwa ufupi wanatazama kama mwajiri amevunja mkataba kwenye kiini chake, kama wewe uliondoka kwasababu hiyo hasa, na kama uliondoka ndani ya muda wa maana bila kuonyesha umekubali. Kukatwa mshahara nusu bila kushauriwa ni kiini kabisa, sheria yenu inamtaka mwajiri akibadilisha masharti makubwa ya mkataba ashauriane nawe na akuarifu kwa maandishi.

Tatizo lako liko kwenye hilo la mwisho. Ukipokea nusu mshahara miezi minane kimya kimya, wakili wao atasema ulikubali. Andika mwezi huu huu kwamba unapokea chini ya pingamizi na unadai salio. Peleka lalamiko kwa afisa wa leba, ukishaachishwa isivyo haki una miezi mitatu ya kwenda kwake, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi mlango wake uko wazi miaka mitatu. Fidia huko ina dari, haizidi mishahara ya miezi 12. Ila kwanini wanataka utoke kwa miguu yako? Wakikutangaza huhitajiki tena wanapaswa kutoa notisi ya mwezi kwa chama, au kwako kwa maandishi kama huna chama, na kwa afisa wa leba pia, na kukulipa angalau siku 15 kwa kila mwaka. Piga mara tisa.

Za haraka haraka nimalizie.

Dada wa hoteli kule Nungwi, usipande boti kuja CMA Dar, haina mamlaka huko. Zanzibar mna Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005 na kitengo chenu cha kushughulikia migogoro ya kazi, anzia Kamisheni ya Kazi, na uende mapema.

Mwalimu wa Singida uliyehamishwa vituo vitatu kwa mwaka ili ukate tamaa, wewe ni mtumishi wa umma, na tangu mabadiliko ya 2016 mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza njia za ndani ya Sheria ya Utumishi wa Umma, rufaa kwa mamlaka na tume inayohusika, ambayo kwa mwalimu ni Tume ya Utumishi wa Walimu, kabla ya kwenda kwenye njia za sheria za kazi. Ukikimbilia CMA mtapoteza mwaka mnabishana kama wana mamlaka.

Na wewe wa Tegeta uliyeuliza kama fomu ya CMA inauzwa elfu kumi, haiuzwi, inatolewa bure ofisini kwao. Huyo aliyekuuzia nje ya geti kama ndiye aliyekujazia pia, chukua nyingine uijaze upya kabla siku zako hazijaisha.